Malighafi za vifaa vyepesi vya kambi zipo hapa hapa Nyanda za Juu Kusini

Wanaotaka kujishonea hema au begi la mlimani huniuliza kwanza habari ya duka: hapa Mbeya nani anauza kitambaa cha kambi? Huwa nawaambia waache kutafuta duka, watafute malighafi yenyewe. Ipo tele, ila imo ndani ya vitu vingine: makoti ya mvua ya mitumba, miavuli iliyovunjika, mabaki ya mafundi wa madirisha ya alumini, uzi wa wavuvi wa Kyela. Ukishajua unachokitaka, asubuhi moja Mwanjelwa inatosha kukupatia nusu ya mahitaji.

Uzito ndio sababu ya kazi yote hii, kwa hiyo tuanze nao. Turubai la mita 3 kwa 3 lina mita za mraba 9. Ukilikata kwenye turubai la lori, ambalo mita moja ya mraba huwa na gramu 500 au zaidi, unabeba kilo nne na nusu kabla hujaweka hata unga wa ugali. Nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni ina gramu 40 hadi 50 kwa mita ya mraba, maana yake eneo lile lile lina gramu 400 hivi. Magoti yatakushukuru ukipanda Mlima Rungwe. Nunua mizani ndogo ya dijitali, ile wanayotumia waoka keki, uende nayo sokoni. Wauzaji watakushangaa mwanzoni, kisha watakuzoea.

Mitumba ndiko kwenye utajiri. Wahi asubuhi wanapofungua balo, na usikimbilie vinavyong'aa. Mimi natafuta makoti ya mvua ya watu wanene, kwa sababu mgongo na mikono yake hutoa vipande vikubwa. Natafuta pia mahema yaliyopoteza fito zake. Hayo muuzaji huyaona mzigo tu, na bei huwa rahisi kuzungumzika, wakati kitambaa, zipu na chandarua chake vyote ni vizima. Iringa nako, Mlandege, ni hivyo hivyo: mwambie dada wa genge akuwekee mahema mabovu, naye atakupigia simu yakitokea.

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hilo orijino, halipitishi maji." Usibishane naye, kipime mwenyewe. Kikinge kitambaa kwenye mwanga kwanza. Ukiona vimiraba vidogo vya nyuzi nene vimepita kote, hicho kimefumwa ili tundu dogo lisigeuke mpasuko mrefu. Kisha kibane midomoni uvute pumzi kwa nguvu. Hewa ikipita kirahisi, maji nayo yatapita. Kigeuze ndani ukiangalie: utando ukiwa unanata vidoleni, unabanduka vipande vyeupe, au una harufu ya kitu kilichochacha, umeshakufa, na hakuna dawa ya kuurudisha. Mwisho shika sehemu ya mabega au paa la hema, kule jua lilikopiga zaidi, ulivute kwa dole gumba mbili. Jua hula nailoni na poliesta polepole. Kitambaa kilichochomwa nalo hupasuka kama karatasi hata kama rangi bado inavutia.

Kama hujui ni nyuzi gani, chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuwashe pembeni, mbali na nguo za watu. Pamba huacha jivu laini na hunuka karatasi. Poliesta huyeyuka kwa moshi mweusi na kuacha punje nyeusi ngumu. Nailoni nayo huyeyuka, lakini moshi wake si mweusi hivyo. Tofauti hii ina maana kwa sisi wa huku. Nailoni ikilowa hulegea, na turubai ulilolikaza jioni utalikuta limebonyea usiku wa manane. Kwa Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mimi nachagua poliesta kwa paa na kuiacha nailoni kwa mabegi. Pamba isikaribie kambi yako kabisa: kanga na vitenge vikilowa havikauki kwenye baridi ya huku.

Usipopata kitambaa kisichopitisha maji, kitengeneze. Chukua poliesta nyembamba isiyo na utando, kisha nenda kwa wauza vioo na alumini ununue silikoni safi ya kuzibia madirisha, hakikisha si akriliki. Ichanganye na tapentaini ya kuzimulia rangi ya mafuta mpaka iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa, uipake kwa brashi pana na kufuta inayozidi kwa kitambaa kikavu. Fanya kazi hiyo nje, moto ukiwa mbali, na uache ikauke siku nzima. Mchanganyiko huo huo, ukiufanya mzito kidogo, unaziba mishono. Kumbuka kwamba juu ya silikoni hakishiki kitu kingine isipokuwa silikoni, kwa hiyo gundi ya kawaida na mkanda wa kubandika ni kupoteza hela.

Baridi ni suala lake lenyewe. Maua ya Hifadhi ya Kitulo huchanua sana kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiwa zimekolea. Juni na Julai mvua imekatika, ila kwenye uwanda ule wa mita 2,600 hivi sakitu hulala juu ya nyasi. Kwa miezi mikavu, tafuta majaketi ya manyoya ya bata kwenye mitumba. Ukilibinya jaketi likafura tena upesi, manyoya bado yana uhai. Kwa miezi ya mvua tumia pamba bandia ya duveti, kwa sababu manyoya yakilowa husinyaa na joto huisha. Kujaza koti zima ni kazi ngumu. Rahisi zaidi ni blanketi lenye mfuko wa miguu tu, mgongo ukiachwa wazi, maana kilicho chini ya mwili wako kinagandamizwa na hakikupi joto. Joto la chini linatoka kwenye sponji, lakini si ya godoro, hiyo inanyonya maji. Omba maduka ya friji na televisheni zile karatasi za sponji ngumu za kufungia mizigo. Izamishe kwenye beseni na kuikamua. Isipotoa maji, hiyo ndiyo.

Kamba usinunue ya katani, inalowa na kuwa nzito. Uzi wa kushonea nyavu unaouzwa Kyela na Matema ni mwembamba, haukatiki ovyo, na ukisukwa mara tatu unatosha kukaza turubai. Vigingi vya spoki za baiskeli ni vyepesi mno na mafundi baiskeli huzitupa, ila udongo wa volkano wa Rungwe na Kitulo ni laini na spoki hung'oka. Huko omba mabaki ya pembe za alumini kwa mafundi madirisha, ukate vipande vya sentimita 18 na kunoa ncha. Nguzo ni mwanzi mkavu, na kwa watu wa Iringa na Njombe wenye mashamba ya ulanzi, ile pombe ya mwanzi, hilo si la kuuliza. Nunua kwa mwenye shamba. Usikate msituni Rungwe, ni hifadhi ile.

Sufuria ndogo nyembamba ya alumini inatosha, na jiko la spiriti hutengenezwa kwa makopo mawili ya soda. Ndimi za moto wa spiriti hazionekani mchana, kwa hiyo usiongeze spiriti kabla hujahakikisha jiko limezimika. Na ninaomba sana: hata baridi iwe ya namna gani, jiko la mkaa lisiingie hemani. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na wanaolala nayo hawaamki.

Bado kushona. Uzi uwe wa poliesta, sindano namba 11, na vipande vishikwe kwa vibanio vya nguo badala ya pini, maana kila tundu la pini ni njia ya maji. Mwombe fundi mshono wa kukunjwa mara mbili, ule wa mguu wa jinzi. Kingo zinazochanika pitisha haraka kwenye mshumaa. Fundi akikataa kwa kuwa kitambaa kinateleza, mpe kipande cha kujaribia, wengi hubadili mawazo. Usimpelekee kazi Desemba, ana nguo za Krismasi na sare za shule. Mpelekee Februari au Machi, vitu vitoke kabla mvua za Aprili hazijaisha, ulale navyo uani na kuona mshono upi unavuja wakati silikoni bado unayo.