Tundika, usibandike: mti wa taa uliokula ukuta wangu mzima

Usibandike. Nimelisoma swali lako lote, pamoja na sehemu ya kuoanisha rangi na ile ya mapambo ya zamani yaliyopauka, lakini macho yangu yaligota pale ulipoandika kwamba, kwa kuwa fedha ya kununulia mti wa Krismasi haipo, utachora umbo la mti ukutani kwa waya wa taa na kuushikiza kwa selotepu ya pande mbili, tena katika nyumba ya kupanga. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi miaka miwili iliyopita, na mti huo uliokusudiwa kuwa wa bure ndio wa gharama kubwa kuliko miti yote niliyowahi kuisimamisha sebuleni.

Nilipotoshwa na video ya dada mmoja mwenye sauti ya upole na ukuta usio na doa. Alibandika vipande vyake, akapitisha waya kutoka kona hadi kona bila kusita, kisha akatuhakikishia kwamba selotepu hutoka bila kuacha alama. Nimeirudia video hiyo mara nyingi tangu wakati huo, kwa nia ambayo si ya kujifunza, na nimegundua jambo ambalo sikuliona mara ya kwanza: hakuna hata sekunde moja inayoonyesha akibandua. Taa zinawaka, muziki unapanda, video inaisha. Nilimwandikia kumwuliza ukuta wake ulikuwaje baada ya sikukuu, naye akanijibu kwa alama ya moyo.

Shida ilianza usiku wa pili. Waya mpya wa taa hutoka kwenye boksi ukiwa umekunjwakunjwa, nao hausahau mikunjo yake upesi; kila unapoupinda ili utengeneze tawi, unataka kurudi ulikotoka, kwa hiyo mvuto wote huangukia kwenye kona, yaani palepale ulipobandika. Isitoshe, plastiki laini ya waya ina vilainishi vinavyoizuia isikakamae, na vilainishi hivyo hupenya polepole kwenye gundi na kuilegeza. Matokeo yake ni dhihaka tupu: selotepu iliuachia waya, lakini ukuta haikuuachia hata kidogo. Hapo mtu mwenye busara angesoma dalili. Mimi nilikwenda kununua selotepu nene zaidi, ile yenye sponji katikati ambayo watu huitumia kubandikia vioo, nikaweka vipande 31. Idadi hiyo naikumbuka kwa sababu baadaye nililazimika kuihesabu mbele ya fundi.

Mti ulikaa wiki tatu, na nakiri kwamba ulipendeza. Wageni walipiga picha. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kitu kilichobandikwa kwa dakika moja kitabanduliwa kwa dakika moja. Gundi ya namna ile haifikii nguvu zake zote siku unapoibandika. Huendelea kujishika kwa muda wa saa 72 hivi, na baada ya wiki tatu imekwisha kuwa sehemu ya nyumba. Wakati huohuo rangi ya maji iliyopakwa kwa haraka juu ya lipu yenye vumbi, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kupanga, haikushika lipu kwa nguvu hiyo. Kwa hiyo unapovuta, kinachoachia si gundi. Kinachoachia ni rangi.

Kipande cha kwanza kilitoka na ngozi ya rangi yenye ukubwa wa kiganja, na nyuma yake lipu ya kijivu ikamwaga unga mwembamba juu ya soksi zangu. Nilijiambia kwamba ile ni sehemu mbovu tu, nikavuta cha pili. Nikavuta cha tatu. Nilipofika mwisho, vipande vinne vilikuwa vimetoka salama, sijui kwa fadhila ya nani, na ukutani palikuwa na mabaka 27 yaliyopangika vizuri kabisa kwa umbo la mti wa Krismasi, nyota ya juu ikiwamo.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilinunua kopo dogo la rangi nyeupe nikaziba baka moja baada ya jingine, nikisahau kwamba nyeupe ya ukuta ule ilikuwa imekwisha kukaa miaka kadhaa na jua, vumbi na viganja vya watu. Kwa siku mbili nilikuwa na mti mweupe juu ya ukuta mweupe, na kila aliyeingia aliuona. Fundi rangi aliponitembelea alicheka kwanza, ndipo akanieleza kwamba hata ungepata rangi ileile, sehemu iliyozibwa hunyonya rangi tofauti na hurudisha mwanga tofauti, kwa hiyo ukuta hupakwa kutoka pembe hadi pembe au hauguswi. Tukakwangua, tukaziba, tukapiga msasa, tukapaka rangi ya msingi na mikono miwili ya rangi ya juu. Mwenye nyumba naye alikata sehemu ya amana yangu, kwa sababu alifika siku ya mabaka na hakutaka kusikia habari za video. Ukijumlisha rangi, ufundi na amana, ningenunua mti wa plastiki wenye mapambo yake yote na fedha ingebaki.

Wapo watakaokuja kunikosoa hapa kwamba mapambo ya taa ni ya tangu enzi na hayajawahi kumdhuru mtu. Ni kweli kwamba Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipamba kwa taa 80 za umeme nyumbani kwake New York mwaka 1882, lakini alizitia kwenye mti. Hakuzibandika ukutani. Wengine watakwambia kuhusu vibandiko ambavyo ukivuta ncha yake kuelekea chini hutoka taratibu. Hivyo nimevitumia, na ni bora kuliko selotepu, ila hutegemea rangi iliyoshika vyema na iliyokauka kwelikweli. Wewe mpangaji unajua ukuta wako ulipakwa lini, na kama aliyeupaka alifuta vumbi kwanza?

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu: tundika, usibandike. Kabla hujanunua hata taa moja, zunguka nyumba ukiwa na daftari na uandike kila kitu ambacho tayari kimefungwa ili kibebe uzito: fimbo ya pazia, msumari ulioachwa na mpangaji aliyekutangulia, kitasa cha mlango, ukingo wa kabati la vitabu, migongo ya viti. Orodha hiyo ndiyo bajeti yako. Kisichopata mahali pa kuning'inia kwenye orodha usikinunue, hata kama kimepunguzwa bei.

Mti ninaoutumia sasa haukunigharimu chochote isipokuwa taa, ambazo nilikuwa nazo. Niliokota vijiti saba vikavu, nikavikata kwa kupunguza, kirefu kama urefu wa mkono wangu na kifupi kama shubiri. Nilifunga kamba mbili kwenye ncha za kila kijiti, kifupi kikiwa juu na kirefu chini, nikiacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya kimoja na kingine. Juu kabisa kamba hukutana na kuwa kitanzi kimoja, ambacho huvishwa kwenye fimbo ya pazia. Waya wa taa unauzungusha kwenye vijiti, nao haulazimiki kupindwa popote usipotaka. Tumia taa za LED, kwa kuwa hula umeme kidogo sana na hazichomi vijiti. Sikukuu ikiisha unaukunja wote kama mkeka na kuuweka juu ya kabati.

Kuhusu swali lako la kuoanisha rangi, rangi mbili zinatosha. Taa za betri au za umeme, amua kulingana na mahali soketi ilipo.

Na kama ulikwisha kubandika kabla ya kusoma haya, usivute. Pasha kila kipande kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika moja hivi ili gundi ilainike, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya sponji na uukate taratibu kama msumeno, sambamba na ukuta, bila kuuvuta kuja kwako. Gundi itakayobaki isugue kwa kidole gumba mpaka ijikunje yenyewe. Fanya kazi hiyo mchana, ukiwa umetulia. Mimi niliianza saa tano za usiku nikiwa na hasira, na soksi zile hazijawahi kurudia rangi yake.