Lipime joto jengo kabla halijamwagiwa zege

Saa kumi na dakika kumi jioni, mhasibu mmoja jijini Dar es Salaam alinionyesha dirisha la ofisi yake. Alikuwa amelibandika maboksi ya karatasi za fotokopi kwa selotepu ya kahawia, kutoka chini hadi usawa wa kichwa. Kiyoyozi kilisoma nyuzi 16, na bado kioo kilikuwa cha moto ukikigusa. Jengo lile nilishiriki kulichora. Upande wake wote wa magharibi ni vioo, na niliukubali.

Simulesheni, yaani kuliigiza jengo kwenye kompyuta ili kuona litapata joto kiasi gani, tuliifanya, ila tuliifanya mwishoni, michoro imeshapitishwa na aluminiamu imeshaagizwa. Kompyuta ilisema wazi kwamba upande ule ndio utakaokula umeme mwingi wa kupoza kuliko pande nyingine. Tukabaki na mawili tu: kubandika tinti na kununua viyoyozi vikubwa zaidi. Tangu hapo naliigiza jengo likiwa bado maboksi matatu kwenye karatasi, na ndilo ninalowaomba wadogo zangu katika fani hii.

Gharama isikutishe. EnergyPlus, programu iliyogharamiwa na Wizara ya Nishati ya Marekani, inapakuliwa bure. Unaiambia umbo la jengo, kuta na paa ni za nini, madirisha yanaelekea wapi, watu wangapi wanakaa humo na kwa saa zipi. Yenyewe inapiga hesabu ya joto linaloingia na kutoka kwa saa zote 8,760 za mwaka. Mara ya kwanza achana na urembo. Zungusha boksi lako, ongeza kivuli, badili rangi ya paa, uangalie uniti za umeme zinapungua wapi.

Faili la hali ya hewa, lile linaloiambia programu joto, jua na upepo wa mahali jengo lilipo, lichunguze kabla ya kitu kingine chochote. Nilimkuta mwenzangu anaigiza jengo la Tanga kwa faili la Nairobi, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari! Majibu yakaonyesha kwamba jengo la Tanga karibu halihitaji kupozwa. Mtu aliyewahi kulala Tanga mwezi wa Februari umeme umekatika angeshtuka, lakini yeye aliiamini kompyuta.

Tahadhari pia na ushauri wa vitabu vya Ulaya. Kule jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Dar es Salaam liko kaskazini kuanzia mapema Machi hadi Oktoba, ndipo linahamia kusini. Kwa kuwa halipiti mbali na utosi, paa ndilo linalopigwa zaidi, na madirisha ya kaskazini na kusini hukingwa na kipaa cha kawaida tu. Magharibi ndiko kwenye kazi. Jua la alasiri linapenya chini ya kipaa, kwa hiyo huko unahitaji kinga za wima, miti, au ukuta usio na dirisha.

Mteja akikuuliza bili itakuwa shilingi ngapi, usimwahidi namba. Kwenye modeli yangu madirisha yalikuwa yamefungwa. Kwenye jengo lenyewe nilikuta kiyoyozi kinanguruma na luva ziko wazi, na Jumamosi watu wako kazini. Ninachokiamini ni ulinganisho: hali zote zikiwa sawa, mchoro huu unahitaji kupozwa zaidi kuliko ule.

Kazi iliyofuata ilikuwa zahanati, na mteja alitaka vyumba vya wagonjwa vitazame machweo. Hatukubishana. Tulimwekea mezani grafu mbili za saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, moja kwa kila mpangilio, akazitazama kwa muda mrefu. Ngazi, stoo na vyoo vikahamia magharibi, wagonjwa wakaelekea kusini-mashariki, upepo wa kusi unakotokea. Kufuta na kuchora upya kulichukua asubuhi moja.