Wete: kabla ya wanaokuja, waliokwenda

Wahariri, wiki hii mmetuuliza sisi wasomaji: "Wageni wanaohamia mjini kwenu wanaujenga mji au wanauharibu?" Najua wenzetu wa Paje na Nungwi, pwani za Unguja, watakuwa na mengi ya kusema juu ya hoteli na bei za viwanja, na wana haki. Lakini mie ni mtu wa Wete, kisiwani Pemba, na swali hili limenichoma kwa upande mwengine. Huku kwetu wa kuhesabiwa kwanza ni wanaoondoka.

Tazameni sensa. Mwaka 1967 Pemba ilikuwa na watu 164,321 na Unguja 190,494, yaani tulikuwa karibu sawa. Mwaka 2022 Pemba tulikuwa 543,441, Unguja 1,346,332. Kwa kila Wazanzibari mia, zamani arobaini na sita walikuwa Pemba; sasa hatufiki ishirini na tisa. Hiyo tofauti haikutokana na uzazi, maana kwa kuzaa Mpemba hajashindwa na mtu. Watu wamevuka bahari. Wako Ng'ambo ya mjini Unguja, wako Kariakoo, Tanga, Mombasa, Muscat. Wengine walifuata biashara, wengine masomo, na wako waliokimbilia Shimoni, Kenya, mwaka 2001, baada ya machafuko ya kisiasa ambayo kila msomaji wa Pemba anayajua.

Siku ya sensa, tarehe 23 Agosti 2022, nilikuwa nyumbani kwa bibi yangu, Kipangani, ninakokaa mpaka leo. Karani alikuwa binti wa mtaani, amevaa kizibao chake, kishikwambi mkononi. Alipiga hodi, akakaribishwa barazani, akauliza kwa adabu: "Bibi, nani na nani walilala humu usiku wa kuamkia leo?"

Bibi akaanza kutaja. Mwanawe mkubwa, yuko Tanga. Wa pili, wa Mombasa. Wa tatu, mama yangu, yuko Unguja na mumewe. Karani akamsubiri, kisha akasema: "Bibi, mie nauliza waliolala humu."

"Hao ndio wa humu," Bibi akamjibu. "Mkubwa chumba chake kile cha uani. Chandarua chake nnakifua kwa mikono yangu."

Yule binti akamweleza taratibu kwamba kila mtu huandikwa pale alipolala. Wa Unguja ataandikwa Unguja, wa Tanga ataandikwa Tanga. Bibi akafikiri, akauliza: "Na wa Mombasa?"

"Huyo hayumo, Bibi. Kenya wana sensa yao."

"Kwani kaacha kuwa mwanangu?"

Nilitaka kuingilia kati, maana nilijua karani ana nyumba nyingi za kupitia. Lakini binti alikiweka kishikwambi mapajani, akamwacha Bibi ataje wote: watoto, wajukuu, hata mke wa mjomba wangu wa Mombasa ambaye hajapata kukanyaga Pemba. Alimsikiliza mpaka mwisho, asitazame saa. Kisha akaandika alichotakiwa kuandika: Bibi, mimi, na watoto wawili wa dada yangu tunaowalea. Bibi akataka asomewe.

"Wanne, Bibi."

"Wanne. Nyumba ya vyumba sita."

Akamwita mtoto alete chai na mikate ya kumimina, na karani hakuruhusiwa kuinuka mpaka amalize kikombe. Nyumba aliyokwenda baadaye ni ile ya matofali yenye mabati mekundu, mpya kabisa, na langoni ina kufuli. Mwenyewe yuko Muscat. Akageuka akapita nyumba ya tatu.

Nilipoanza kuandika jibu hili nilikusudia kuwalaumu walioondoka. Sasa naona kalamu inakataa. Paa linalotufunika Kipangani kalipia mjomba wa Mombasa. Julai 2023 Rais William Ruto alipotoa uraia kwa Wapemba wa Kenya kule Kilifi, watu walioishi miaka mingi bila kitambulisho, Bibi alifurahi kuliko sote, kwa kuwa sasa mwanawe anaweza kuja na kurudi kwa karatasi zake. Na kusema Wete inakufa si kweli vilevile. Pemba nzima ilikuwa na watu 406,848 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye tumeongezeka kwa thuluthi moja. Asubuhi barabara ya kupanda kutoka bandarini inajaa watoto wa skuli. Anayekosekana ni mtu mzima mwenye nguvu, wa kufungua duka, wa kukwea mkarafuu. Msimu ukiwa mkubwa tunatafuta wachumaji kutoka Unguja na bara. Na hilo si jipya: Wanyamwezi walikuja kuchuma karafuu tangu enzi za Mwingereza, na waliobaki leo ni ndugu zetu.

Kwa hiyo, ingawa hamkuniuliza hivi, jibu langu ni kwamba waje. Fundi wa bara aje, na mjukuu wa Kipangani aliyezaliwa Mombasa arudi, wala asiitwe mgeni kwa kuwa hajui njia ya gatini. Lakini anayekuja kuzungushia ua pwani ambako wavuvi huanika nyavu, au anayekwenda na fedha mkononi kwa warithi wa eka tatu, yale mashamba yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi, wakati wana msiba, huyo simkaribishi, hata akiwa Mpemba mwenzangu. Ninayemtaka ni wa kulala hapa, watoto wake wasome hapa, na akisikia tangazo la maziko atoke.

Masheha wetu nao waanze na zile nyumba za kufuli. Wenyewe wanajulikana, namba zao za simu tunazo. Waombwe wazikodishe kwa walimu na wauguzi wanaopangiwa Wete wakahangaika kutafuta vyumba. Nalisema hili kwa moyo wote, huku nikijua kwamba vyumba vya Bibi sithubutu kumgusia, na kwamba huenda kila kufuli lina mama yake aliyekataza.

Msomaji, Kipangani, Wete