Baba amemkana mwanawe gazetini

SWALI: Mimi ni mama, naishi Pumwani. Kijana wetu wa miaka 24 amezama kwenye kamari. Alikopa kwa simu akatuandika sisi wadhamini bila kutuambia, na sasa wadai wanatupigia usiku na mchana. Mume wangu ametoa tangazo gazetini, na picha, kwamba si mwanawe tena wala hatamrithi. Ustadhi mmoja alimwambia hata Nabii Nuh aliachana na mwanawe. Mimi humpelekea kijana chakula Gikomba kwa siri. Je, ninaasi?

JIBU: Dada yangu, nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hahukumu.

Ustadhi huyo amesoma nusu ya kisa. Katika Suratu Hud, aya ya 42, mawimbi ni kama milima na Nuh bado anaita: "Ewe mwanangu, panda pamoja nasi!" Maneno "huyo si katika ahali zako" aliyasema Mola, si baba, tena kijana keshagharika katika ukafiri wake. Kumpandisha mcheza kamari daraja hiyo ni ujasiri ambao mimi sina.

Kujivua kupo katika dini. Khalid bin Walid, jemadari wa Waislamu, alipowaua mateka wa kabila la Banu Jadhima, Mtume (S.A.W.) aliinua mikono akajitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na alichokifanya Khalid. Alichokifanya! Khalid mwenyewe hakumfukuza. Aliendelea kuongoza majeshi. Mzee wako angeandika tu, "Deni hili sikulidhamini, silipi," ningemuunga mkono. Deni la mtu mzima ni lake, na jina lako likiandikwa bila ridhaa yako hiyo si dhamana.

Urithi? Fungu la mtoto limepangwa katika Suratu Nisaa. Mtoto hulikosa kwa mambo kama kumuua anayemrithi au kutofautiana naye dini, na kamari, pamoja na uharamu wake, haimo. Kadhi hatauliza gazeti lilisema nini.

Chakula chako ni kuunga udugu, huna dhambi. Ila pesa usimpe mkononi, zitaishia kwenye mikeka ya kamari. Na hiyo siri inanitia wasiwasi: mzee akiigundua, mtakuwa na ugomvi wa pili nyumbani. Mwambie mwenyewe, akiwa ameshakula na ametulia. Akikataa kukusikiliza, mwombe aje kwangu baada ya Isha, aje na lile gazeti. Tutaandika tangazo jingine la deni peke yake, bila picha ya mtoto.