Kilomita 500, Dakika Ngapi Angani?

Tovuti inasema viwanja viwili vya ndege vimeachana kwa kilomita 500. Basi la njia hiyo hiyo linatembea zaidi ya 700. Nani muongo?

Hakuna muongo. Ile 500 ni mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, toka uwanja hadi uwanja. Barabara inazunguka milima na maziwa. Ila hata ndege haifuati mstari huo sawasawa: ina njia zake za angani, na mara nyingine huzungushwa ili kukwepa mawingu ya radi.

Kwingine nimeona 270, kwingine 311. Ipi ni ipi?

Zote ni umbali ule ule. 270 ni maili za baharini, wanazotumia marubani, kila moja kilomita 1.852. 311 ni maili za nchi kavu.

Ndege ya pangaboi inakwenda kama kilomita 500 kwa saa. Mbona tiketi inasema saa 1 na dakika 25, si saa moja?

Hesabu yako ingekuwa sawa kama ndege ingezaliwa angani. Muda wa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka maegeshoni na huisha inaposimama upande wa pili. Humo mna kujongea hadi barabara ya kurukia, kusubiri zamu, kupaa kwa mwendo wa chini, na kuzunguka kujipanga kutua. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, kwa hiyo yaweza kuruka ikiwa imeipa mgongo safari yako, kisha ndiyo igeuke.

Msidhani jeti, yenye kasi ya kilomita 830, itawaokoa sana. Marubani hukadiria maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka. Ikiwa futi 30,000, inaanza kushuka ikiwa bado na maili 90, yaani kilomita 167. Kupanda nako kuna kipande chake. Ile kasi mnayoisifia inapata nafasi ndogo tu katikati.

Mashirika nayo huongeza dakika za akiba kwenye ratiba. Mkitangaziwa kwamba mmewahi kwa dakika kumi, pigeni makofi kidogo tu.

Kwenda dakika 52 angani, kurudi 71. Rubani alipotea?

Upepo. Tuache kando kupaa na kutua, tuseme unavuma kilomita 80 kwa saa: ukisukuma kwa nyuma, pangaboi yetu inapita juu ya ardhi kwa 580, ukija usoni, 420. Gawanya 500 kwa kila moja, zidisha kwa 60, utapata dakika zako hizo hizo. Jumla ni 123, ilhali siku tulivu ingekuwa 120. Upepo haurudishi muda wote uliokukopa, kwa sababu unapokuwa usoni unakaa nao muda mrefu zaidi. Jeti kwenye upepo huo huo ingetofautiana kwa dakika 7 tu.

Tiketi yangu: kuondoka 13:40, kufika 13:55. Robo saa?

Kila saa iliyoandikwa ni ya mahali ndege ilipo wakati huo. Umevuka kwenda magharibi, kwenye majira yaliyo nyuma kwa saa moja, hivyo safari ni saa 1 na dakika 15. Wakati wa kurudi tiketi itakuonyesha saa mbili na ushei, nawe utaniandikia tena.