Jibu: Halmashauri imesema hakuna bajeti ya kudhibiti damu baada ya kujifungua

Salama ndugu. Umesema shirika lenu lilipeleka matokeo ya E-MOTIVE (utafiti wa kugundua mapema na kutibu damu nyingi baada ya kujifungua) halmashauri mwezi Mei, mkaambiwa hakuna bajeti. Angalieni kalenda kwanza. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo Mei mpango wa afya wa halmashauri umeshafungwa. Mwoneni Mganga Mkuu wa Wilaya kuanzia Oktoba, rasimu ikiwa bado inaandikwa.

Halafu, utafiti huo wa hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania una uzito, madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60, lakini diwani atauliza tu: "Kwetu je?" Chukueni takwimu za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) za vituo vyenu. Hapo wengi huteleza: damu ikikadiriwa kwa macho, karibu nusu ya kesi hazigunduliki, na rejista itaonyesha tatizo dogo. Udhaifu huo wa takwimu usemeni wenyewe kabla hamjabanwa.

Ombeni vitu vinavyohesabika, si "uboreshaji wa huduma" (maneno hayo hayana bei): mifuko yenye alama za mililita ya kuweka chini ya mama, asidi ya traneksami (dawa ya kusaidia damu kuganda), oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), na friji ya nyuzi 2 hadi 8. Oksitosini ikikaa kwenye kabati la wodi lenye joto hupungua nguvu, mama anachomwa sindano na damu haikati.

Mkitaka kuwahoji akina mama wenyewe, anzeni na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.