Chuo cha maadmirali kilichoanzia nyumba ya maskini

Ni kweli mkuu, si porojo. Chuo cha Vita cha Jeshi la Majini la Marekani, pale Newport, Rhode Island, kilianzishwa Oktoba 1884 kikapewa jengo lililokuwa makazi ya maskini wa mji. Mwanzilishi wake, Stephen Luce, aliona maofisa wanajua meli na mizinga vizuri, lakini hakuna aliyewafundisha kuifikiria vita yenyewe. Darasa la kwanza, 1885, halikufika hata watu kumi, na wakubwa kibao walitaka chuo kifungwe. Alfred Mahan akapokea uongozi 1886. Mihadhara yake ilipotoka kama kitabu 1890, ikasomwa hadi Ujerumani na Japani.

Ila kwangu utamu uko kwenye michezo ya vita, yaani kuigiza mapigano ili kupima mbinu, iliyoletwa chuoni na William McCarty Little mwishoni mwa miaka ya 1880. Kati ya vita kuu mbili za dunia, adui wa mchezoni mara nyingi alikuwa Japani. Admirali Nimitz, aliyeongoza meli za Marekani kwenye Pasifiki katika Vita Kuu ya Pili, na aliyesoma hapo miaka ya 1922 na 1923, alisema baadaye kwamba vita ile dhidi ya Japani haikuwashangaza Wamarekani kwa lolote, isipokuwa marubani wa kamikaze, Wajapani waliojilipua kwa kugongesha ndege zao kwenye meli.